Gato ya Marashi

Kasongo haina majira ya maua. Maua yetu yanatoka yanapotaka, na hakuna mtu aliyewahi kuyafanyia sherehe. Lakini Madamu alituambia kwamba kwao Ubelgiji, ikifika mwezi wa nne, baridi inakwisha, miti inavaa upya, na watu wanakula gato, keki ya kwao, yenye harufu ya maua. Akasema na sisi tutafanya hivyo hivyo. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hatumsikii vizuri. Tukasema ndiyo, Madamu.

Hapo tulikuwa foyé, nyumba ya matofali karibu na ofisi ya terituare, ya serikali ya wilaya, ambako wake wa makarani tulifundishwa kushona, kupiga pasi, kuogesha watoto kwa sabuni na kupika kizungu. Madamu alikuwa mke wa ofisa mmoja, mrefu, shingo nyekundu, mwenye huruma ya kuchosha. Simsemi vibaya. Madamu hakuniibia kitu. Aliyeiba ni mimi.

Mume wangu alikuwa karani kwenye kampuni ya pamba. Alisoma kwa mapadri, akatoka na hesabu na Kifaransa bila kubatizwa, jambo ambalo mapadri hawakulipenda na mama yake hakuacha kulisimulia. Kwa sababu ya kalamu yake mimi nilipata nafasi foyé, mtoto wa kartieri, mtaa wa Waislamu, peke yangu kati ya wake wa Kikristo. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mwepesi wa mkono, mwepesi zaidi wa mdomo. Na majivuno, loo! Mtu akinipita kwa kushona tundu moja la kifungo, siku hiyo mume wangu hali vizuri.

Siku ile Madamu akaongeza neno. Atakayepika gato nzuri kuliko wenzake atakuwa monitrisi. Yaani atasimama mbele pamoja na Madamu, avae aproni nyeupe yenye mifuko miwili, awaonyeshe wengine. Niseme wazi: niliitaka aproni ile mpaka ikaniondolea usingizi. Na kama nilikuwa bado nasitasita, mke wa mwuguzi alinimaliza. Huyo alitoka upande wa Wamaza, Kabambare, mwanamke wa maneno matamu yenye mwiba ndani. Akanigusa bega, akacheka, akasema, "Dada, ninyi watu wa kule kwenu mnajua vitumbua. Gato ni kazi ingine."

Nikacheka pia. Moyoni nikasema: utaniona.

Madamu alitupa namna ya kupika. Mayai kumi na mawili, sukari, siagi ya kopo, farini, unga wa ngano, iliyochekechwa mara tatu. Unapika vipande vitatu vya duara, unavipanga kimoja juu ya kingine, katikati unapaka krema. Na ndani ya yote hayo, maji ya maua ya machungwa. Alitutolea chupa yake ndogo iliyotoka Ulaya kwa posta. Kizibo kilikuwa kimeoza njiani, na ndani mlibaki matone ya kutosha kutunusisha tu. Tukanusa mmoja mmoja, kwa foleni. "Atakayekosa," akasema Madamu, "atie ganda la limau. Inatosha." Wenzangu wote wakaridhika na limau. Mimi nilikuwa nimeshanusa, na akili yangu ilikuwa imeshafika nyumbani kwa bibi.

Bibi ndiye aliyenilea, mama yangu alipokufa nikiwa sijui hata kufunga nguo. Alikaa kartieri ya zamani, katika nyumba ya kuta nene yenye baraza, na kazi yake mjini ilijulikana: alikuwa mwosha. Akifa mwanamke, kabla hawajatuma mtu kwa ndugu, walituma mtu kwa bibi. Aliwaosha matajiri na wenye ukoma kwa mkono ule ule, na hakuwahi kutoka ndani akasimulia alichokiona kwenye mwili wa mtu. Kwa hiyo wanawake walimheshimu kuliko walivyowaheshimu waume zao. Akipita sokoni walimpisha.

Kama wanawake wazee wote wa kwetu, bibi alikuwa na kasha la siku yake. Ndani mlikuwa na sanda ya bafta, pamba, karafuu maiti katika kitambaa, udi kidogo, na chupa moja ya marashi ya waridi. Chupa ile ilitoka Ujiji. Mfanyabiashara aliivusha ziwa, akapita nayo njia ya Kabambare, na bibi aliingoja viangazi viwili vizima. Kizibo kilifungwa kwa nta. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alilitoa kasha uani, akaanika sanda, akaigeuza chupa juani ahakikishe maji hayajapungua, akairudisha. Hakuifungua hata mara moja. "Hii ni ya siku yangu," alikuwa akisema, na uso wake unachangamka kama mtu anayetaja nguo ya harusi.

Marashi yenyewe si kitu cha kaburini tu. Watu walinyunyiza kwenye maulidi, na wenye nafasi waliyatia kwenye vyakula vya harusi. Kuyala hakukuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba yale yalikuwa ya bibi, na alikuwa ameshayatenga na dunia.

Mara ya kwanza niliingia akiwa shambani anavuna karanga. Nikailainisha nta kwa kisu cha moto, nikachota vijiko viwili, nikajaza maji ya mtungi mpaka pale pale, nikafunga. Nikamwambia shetani, vijiko viwili tu, na shetani akakubali. Nikaenda kwangu, nikapiga mayai mpaka mkono ukafa ganzi, nikayamimina marashi ndani ya unga. Furu, jiko la kuokea, hatukuwa nayo. Tulipika kama tulivyopika mikate ya sinia: sufuria yenye mchanga chini, makaa chini, kifuniko, makaa juu. Gato ikatoka imelala, na harufu hakuna. Moto ulikuwa umeila yote.

Nilikaa chini jikoni nikalia kwa hasira. Angekuwa mtu mwenye akili, angesema basi, Mungu amenionya. Mimi nikasema: marashi hayapikwi, yanatiwa baada ya kupika. Na vijiko viwili havitoshi.

Mara ya kwanza naweza kumsingizia shetani. Mara ya pili ilikuwa mimi. Nilimkuta bibi barazani, adhuhuri, yuko kwenye sala. Amesimama ameelekea kibla, mgongo kwangu, na mtu aliye kwenye sala hageuki. Nikapita nyuma yake nikiwa nimeshika viatu mkononi. Nikaingia chumbani, nikamimina chupa nzima kwenye kopo, nikaijaza chupa maji. Namsikia anasoma. Nta ya zamani ilikuwa imevunjika, nikaweka ya mshumaa wa foyé, nyeupe, nikaipaka majivu ifanane. Nikatoka. Alipotoa salamu, kulia na kushoto, alinikuta nimeketi kwenye ngazi kama niliyefika sasa hivi. Akafurahi kuniona. Alinipa karanga mbichi nipeleke nyumbani, na nilizipokea.

Nilijiambia nitaagiza chupa nyingine Ujiji, nitaibadilisha, hatajua. Bibi alikuwa bado analima, meno yake yote mdomoni. Angekufa lini? Nilikaa nikamhesabia bibi yangu miaka ya kuishi ili wizi wangu upate nafasi. Nikiikumbuka hesabu ile mpaka leo nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu.

Gato ya pili ilitoka kama nilivyoota. Vipande vitatu, vimeumuka sawasawa, rangi ya mkate wa maziwa. Nikachemsha sukari na maji, ikapoa, nikatia marashi, nikainywesha gato polepole kwa kijiko mpaka ikashiba. Mengine nikayapigia kwenye siagi na sukari ya kusagwa, ndiyo krema. Juu nikapanga maua meupe ya mlimau. Majirani walikuja mlangoni kuuliza kuna maulidi ya nani.

Siku ya sherehe watoto walivikwa maua ya karatasi vichwani, na mvua ikayalowesha yakawachuruzikia rangi usoni. Wazungu wakakaa mbele na vijiko vidogo. Wakaonja limau, limau, limau. Walipofika kwangu Madamu alifumba macho. Akala tena. Akauliza kwa Kiswahili chake kile, "Wewe ulipata wapi hii maua?"

"Nilinunua, Madamu. Kwa mfanyabiashara wa Ujiji."

Uongo ulitoka mweupe, haukukwama hata kidogo. Akanivisha aproni yeye mwenyewe, akafunga kamba nyuma, watu wakapiga makofi. Mke wa mwuguzi alipiga pia, midomo imemkauka. Nilijiona nimefika. Nisidanganye: siku ile sikuona aibu hata chembe. Aibu ilikuja baadaye, na haijaondoka.

Kwetu ukila kitu kitamu kwenye sherehe unambakizia mzee wako. Bibi alikuwa amesikia habari mjini kote. Nilipokwenda kumsalimia kesho yake alinyoosha mkono kama mtoto. "Na gato yangu iko wapi?"

"Wazungu waliimaliza, bibi. Wote."

Haikuwa kweli. Kipande chake kilikuwa nyumbani kwangu chini ya bakuli. Lakini pua ile ilikuwa imenusa marashi kwenye miili ya wanawake arobaini, hamsini, nani anajua. Nilimwogopa. Akasema, "Haizuru, utanipikia ingine." Kile kipande nilimpa mume wangu, akakisifu sana.

Sasa nieleze kosa langu lingine, ambalo mtoto wa mwosha hakupaswa kulifanya. Nilihesabu kifo cha bibi tu. Nikasahau kwamba kasha la mzee wa kwetu si lake peke yake. Akifa mtu asiyejiandaa, mgeni, kijana, maskini, wanawake wanakwenda kwa mzee mwenye kasha, naye analifungua, anatoa sanda yake na marashi yake, ndugu watarudisha wakijaliwa. Nilimwona bibi akifanya hivyo na vitu vya kwanza vya kasha lile, nikiwa mdogo. Ndiyo sababu aliingoja ile chupa ya Ujiji. Yote hayo niliyajua. Majivuno yaliyafunika.

Mwezi wa saba, wa kiangazi, akafa binti mmoja wa nyumba ya jirani na bibi. Uzazi ulimshinda, yeye na mtoto. Watu wake walikuwa wamehamia juzi tu kutoka njia ya Kabambare, hawana kitu, hata mkeka waliazima. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimepita kumsalimia bibi, niko njiani kwenda foyé, nimevaa aproni yangu. Wanawake wakaingia uani. Hawakuhitaji kusema mengi. Bibi akasimama, akajifunga vizuri, akasema, "Mutoto wangu, leta kasha."

Nililibeba. Uzito wake ulikuwa mdogo. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikujikwaa. Ningeanguka tu kwenye kizingiti, chupa ikavunjika, watu wakasema pole. Lakini mtu akishikwa na woga hata ujanja unamkimbia. Nilimfuata bibi mpaka nyumba ya msiba na kasha kichwani.

Walikuwa wamezungushia mikeka uani. Ndani tulikuwa sita: bibi, mwosha mwenzake ambaye alikuwa mkubwa kwake kidogo, wanawake wawili wa kumimina maji, mama wa marehemu ameegemea ukuta, na mimi. Bibi alimwosha yule binti polepole, akiongea naye kama anamwogesha mtoto asubuhi, geuka mama, nipe mkono mama. Alipomaliza akachukua chupa. Akaitazama nta. Akaitazama tena. Akaikwangua kwa ukucha, akafungua, akamimina kwenye kiganja, akanusa.

Akamimina tena, akanusa tena.

Mwosha mwenzake akaichukua chupa, akaipeleka puani, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Hii ni maji," akasema.

Nje wanaume walikuwa wanakohoa wakingoja.

"Nasema hii iko maji, dada. Nani alifungua chupa yako?"

Bibi akanitazama. Alianza na uso, akashuka kwenye aproni, akakaa hapo. Nani mjini hakusikia habari za gato iliyonukia mpaka barabarani? Niliona anaelewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na haikupasuka, haipasuki kamwe unapoihitaji. Mdomo wangu ulifunguka. Sijui ningesema nini, kwa sababu bibi aliwahi.

"Ni miye," akasema. "Nilikuwa na shida, nikaiuza marashi. Nikatia maji."

"Ukatia maji?"

"Nikatia maji nikafunga. Nilisahau."

Yule mwenzake akaiweka chupa chini, mbali na maiti, akajipangusa mkono. "Unaletea maiti maji ndani ya chupa ya marashi. Weye. Mwosha." Wale wawili wa kumimina maji wakaangalia pembeni. Ndipo mama wa marehemu akasema, kwa sauti ndogo, wala hakuwa na hasira: "Mutoto wangu alikuwa maskini, bibi. Ungesema tu hauna."

Bibi akaendelea kumkausha binti wa watu, kila kidole peke yake. Akampa sanda yake, pamba yake, karafuu maiti yake, vyote. Wakamzika bila marashi.

Tuliporudi nyumbani nilipiga magoti. Nikaanza, "Bibi, mimi..."

"Nyamaza." Sikuwahi kumsikia na sauti ile. "Nimeisha sema uongo mbele ya maiti kwa ajili yako. Usifanye niwe nimeusema bure." Akaingia ndani akalala mchana ule wote. Na mimi nikalichukua neno lile nikajifunika nalo. Nikajiambia ninamtii bibi. Mungu anajua nilivyofurahi kumtii.

Baada ya hapo hawakumwita tena. Hakuna aliyemtukana, hapana, kwetu watu wana adabu zao. Walimsalimia, walimpelekea mihogo. Lakini sokoni hawakumpisha. Na kilio kikisikika mtaani, bibi alitoka akaketi barazani, amejifunga, ameosha mikono, anangoja mtu wa kumwita. Vilio vingi vilipita. Wakati huo mimi niko foyé na aproni, nafundisha wake za watu kwamba maji ya maua hayapikwi, yanatiwa baada ya moto. Nilikuwa mwalimu mzuri. Nikitoka huko napita kwa bibi, namkuta bado ameketi, tunaongea habari za karanga.

Chupa ya Ujiji nilikuwa nimeiagiza. Ilifika mwaka wa pili, nikampelekea imefungwa kwenye kitambaa. Aliigusa kwa nje tu. "Weka kwako," akasema. Hakuniuliza ilitoka wapi. Nikaagiza ya pili, sijui kwa nini, labda nilidhani mbili zitasema kitu ambacho mimi nilishindwa kusema.

Bibi alikufa katika mwaka wa nne baada ya yule binti, bendera ya Wabelgiji bado inapanda asubuhi. Nilikwenda na chupa mbili chini ya nguo. Ndani ya mikeka alikuwepo yule yule mwosha mwenzake, mzee sana sasa, na wanawake wa kartieri wamejaa mpaka mlangoni kuliko nilivyotazamia. Nilikuwa nimeapa njiani, kila hatua: leo nitasema. Wamejaa wote, watasikia wote. Nitasema ni mimi, aliniokoa, mwosheni kama mnavyomwosha mtu safi.

Yule mzee alipokea chupa ya kwanza. Akaikwangua nta, akafungua, akanusa, na wengine wakasogeza shingo. Uso wake ukalegea. Akampitishia mwenzake, naye akampitishia mwingine, marashi yakaenea uani kote. "Ni marashi kweli," akasema. Akanishika mkono kwa mkono wake wenye maji, akanitazama kwa upendo. "Mutoto mwema weye. Leo umefuta aibu ya bibi yako. Mungu akulipe."

Wanawake wote wakasema, "Amina."

Bibi alikuwa amelala hapo katikati yetu, amefunikwa shuka. Wote walikuwa wananitazama mimi, wananingoja, machozi machoni, wananipenda.

Na mimi nikaitikia, "Amina."